Mjomba hataki orodha, nami naogopa pini isiyo na pete

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, nina miaka 29. Baba alifariki nikiwa mdogo, akanilea mjomba, kaka yake mama. Mjomba ni mtu wa ziwa. Amefanya kazi kwenye boti za abiria za vijiji vya kaskazini, amevua dagaa, amevua migebuka, na sasa ana miaka 66, ameacha shughuli nzito. Ujiji nzima inamjua.

Miaka michache iliyopita mgeni mmoja aliyekuwa akihama nchi alituuzia chombo chake cha tanga, aina ya Hobie 16: mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa mabomba, na turubai la kukalia katikati. Mjomba alitoa nusu ya bei, mimi nikatoa nusu. Watu hawakukishangaa sana, maana wavuvi wa dagaa huku nao hufunga mitumbwi miwili pamoja kwa magogo. Tofauti ni kwamba hiki chetu kina mlingoti wa alumini unaofika kama mita 8, na matanga mawili. Hatufanyi nacho biashara. Ni furaha yetu ya Jumamosi: mimi, mjomba, na kitinda mimba wake mwenye miaka 12.

Tatizo ni kukiandaa. Ufukweni hakuna mlinzi, hivyo chombo hulala nyumbani kwa mjomba, mlingoti ukiwa umeshushwa. Kila tukitaka kutoka tunakivuta kwa gari, tunasimamisha mlingoti, tunafunga waya, tunatweka matanga, tunavisha sukani, ndipo tunashua. Inatuchukua saa mbili, siku nyingine zaidi. Kiangazi ziwa huwa tulivu asubuhi, lakini jua likipanda upepo wa kusini-mashariki nao unapanda. Matokeo yake tunaingia majini saa ambayo tungepaswa kuwa tunarudi.

Mjomba hana mpangilio. Ataanza kufunga waya wa kushoto, atapita mtu, "Mzee, shikamoo", watazungumza habari za msiba na bei ya mafuta, na akirudi anashika kamba ya tanga. Nimeandika orodha ya hatua zote, nikaipeleka duka la steshenari ikavalishwa plastiki. Nilipomwonyesha alicheka. "Nimeingia ziwa hili mama yako hajaolewa," alisema. "Karatasi haifungi mlingoti."

Mwezi uliopita mlingoti ulikuwa umeshasimama nilipoona pini inayoshika waya wa kushoto haina ile pete ndogo ya kuizuia isichomoke. Ilikuwa imekaa hivihivi tu. Nilichukua pete nikaivisha kimya. Mjomba aliniona. Hakusema kitu mpaka tuko njiani kurudi nyumbani, ndipo akaniambia, "Siku hizi unanikagua." Sijasahau sauti yake.

Kuna na jambo la umeme. Anapenda kusimamisha mlingoti pale juu gari linapoishia, kwa sababu ardhi ni ngumu na magurudumu hayazami. Lakini kando ya pale zinapita nyaya za umeme. Nikimwambia tushuke kwanza mchangani, anasema nyaya ziko mbali.

Mama ananiambia nimwache, mtu mzima hafundishwi. Rafiki yangu anasema nimwambie wazi kwamba amezeeka, au niuze nusu yangu nijitoe. Mimi nadhani kumbukumbu yake inapungua, na nikifikiri hivyo nalia. Sitaki kumvunjia heshima aliyenilea, wala sitaki mlingoti umwangukie mtoto wake. Tena mtoto mwenyewe anadai apewe kazi, sijui nimpe ipi. Nifanyeje?

Mpwa, Kigoma

*

Marahaba, binti yangu.

Nimekaa na barua yako. Mimi nimekulia Pangani kwenye nyumba ya watu wa ngalawa, na sauti ya mzee anayesema "siku hizi unanikagua" naijua. Inauma kwa pande zote mbili. Wewe uliivisha ile pete kwa mapenzi, yeye akaona amevuliwa cheo. Hakuna kati yenu aliyekosea hapo.

Unavyonieleza, unataka vitu vitatu kwa pamoja: mtoke mapema, mlingoti usimame salama, na mjomba abaki mjomba. Wewe unaviona vinagombana. Mimi sina hakika kama vinagombana, ndiyo maana naomba tuanze na hizo saa mbili.

Je, unajua zinapotelea wapi? Simaanishi kwa kukisia. Jumamosi moja chukua simu yako, bila kumwambia mtu, uangalie saa kila hatua inapoanza na inapoisha. Watu wawili waliozoeana huweza kuandaa chombo cha aina yenu kwa nusu saa hadi dakika arobaini na tano, na hawakimbii. Tofauti kati yao na ninyi huenda haiko mikononi mwa mjomba. Nikisoma barua yako nahisi sehemu kubwa ya muda inakwenda kwenye kufumbua kamba zilizosokotana, kutafuta pini, kubishana waya upi ni wa upande gani. Hayo yote chanzo chake ni jioni ya Jumamosi iliyopita, mliposhusha mlingoti mmechoka mkatupia kila kitu juu ya turubai.

Wanaowahi kushua wamezimaliza kazi zao wakati wa kufungua. Pini ikichomolewa inarudishwa palepale kwenye tundu lake na pete yake inavishwa, haiingii mfukoni. Waya zinalazwa kando ya mlingoti, zinafungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kila baada ya hatua moja, ili asubuhi zisiwe zimejiviringa. Tanga kubwa linaviringishwa likiwa na vipapi vyake, yaani zile fito nyembamba za kulinyoosha, ndani, kuanzia juu kwenda chini, baada ya kulegeza kamba zinazovikaza. Puli na kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga kubwa, hazina haja ya kuondolewa, zibaki zimefungwa nyuma. Weka tepu nyekundu kwenye waya wa kushoto na ya buluu kwenye wa kulia. Lile bati lenye matundu mengi ambalo waya wa pembeni hufungwa, lipake rangi ya kucha kwenye tundu mnalolitumia, msianze kujaribu upya kila wiki. Kazi hii yote unaweza kuifanya wewe na mtoto jioni, mjomba akiwa ameketi anakunywa chai. Haimgusi heshima yake hata kidogo.

Naileta hii kwanza kwa sababu nadhani umechanganya mambo mawili. Kuchelewa na kusahau pete si ugonjwa mmoja. Ukimwambia mjomba kwamba anawachelewesha, kumbe kinachowachelewesha ni kamba, utakuwa umemuumiza bure, na pete itaendelea kusahaulika.

Sasa hiyo pete. Unasema kumbukumbu inapungua. Inawezekana. Lakini niruhusu nikuulize: mjomba anasoma simu yake kwa umbali gani? Kuanzia miaka ya arobaini macho ya karibu watu wote huanza kushindwa kuona vitu vidogo vya karibu, na mtu wa miaka 66 asiye na miwani ya kusomea anaweza kuona mtumbwi ulio mbali ziwani vizuri kuliko wewe, huku pete ya ukubwa wa kucha haioni kabisa. Anaipapasa, anadhani imeingia. Kama ni hivyo, tiba ni miwani na pengine pete kubwa kidogo, na hukuwa na sababu ya kulia.

Au tazama lile ulilolieleza wewe mwenyewe: anaanza waya, inakuja salamu, anarudi anashika kamba nyingine. Hapo hata kijana wa miaka ishirini angeacha pete. Mtu anayejulikana Ujiji nzima hawezi kupitwa ufukweni bila kusalimiwa, na hawezi kukataa kuitikia. Anayekatizwa hurudi akidhani amemaliza alichokuwa anakifanya.

Kuna kisa kimoja cha wenye ujuzi ambacho huenda kikakusaidia siku ukizungumza naye. Mwaka 1935, huko Ohio, Marekani, ndege mpya kubwa ya Boeing ilianguka muda mfupi tu baada ya kuruka kwenye majaribio. Aliyeirusha alikuwa rubani wa majaribio wa jeshi, mtu mzoefu sana. Ndege haikuwa na ubovu. Kulikuwa na kifungo kinachoshika usukani wake usichezwe na upepo ikiwa imeegeshwa, na kifungo hicho hakikuwa kimefunguliwa. Wenzake hawakusema rubani hajui kazi. Waliandika orodha fupi ya kusomwa kabla ya kuruka, na mpaka leo rubani mwenye mvi anasomewa orodha na msaidizi wake, naye anajibu. Orodha ilitungwa kwa ajili ya mabingwa, kwa sababu bingwa mikono yake inakwenda yenyewe wakati akili imeitwa kwingine.

Na kama habari za ndege hazimgusi, mkumbushe ya nyumbani. Ile meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja ndani ya masanduku kwa bahari na kwa reli, ikaungwa upya hapohapo Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Muulize kama anadhani mafundi wale waliiunga kwa kukumbuka tu. Muulize kweli, umwache ajibu. Wazee wa ziwa wana mengi ya kusema juu ya meli ile.

Tuje kwenye njia ulizo nazo, maana ni zaidi ya zile mbili za rafiki yako.

Unaweza kuendelea kama ulivyofanya, kupita nyuma yake na kuvisha pete kimya. Kwa Jumamosi moja inaokoa. Lakini ameshakuona mara moja, na ukaguzi wa siri akiugundua tena utamuuma kuliko neno la wazi. Tena kuna hatari nyingine: wawili wakiwa wanakagua bila kuambiana, kila mmoja huanza kudhani mwenzake ameangalia.

Unaweza kupitia kwa mama. Katika familia nyingi huo ndio mlango halali, dada ana maneno kwa kaka yake ambayo mtoto hana. Ila mama yako ameshasema umwache, na ukimsukuma atapeleka ujumbe asiouamini. Halafu mjomba anaweza kuona mmemkalisha kikao. Labda mama asitumwe kusema, aombwe tu jambo dogo, kama kumtaka kaka yake aende akapimwe macho.

Unaweza kumwambia mwenyewe. Ukichagua hivyo, nakusihi isiwe ufukweni, isiwe mbele ya mtoto, na isiwe mlingoti ukiwa mikononi. Iwe jioni, nyumbani kwake. Usianze na alichokosea. Anza na hofu yako, kwa sababu hiyo ni mali yako na hawezi kubishana nayo: "Mjomba, mimi ule mlingoti ukinyanyuka naogopa. Naogopa kwa ajili yako na kwa ajili ya mtoto. Nisaidie niache kuogopa." Mzee aliyekulea akisikia unaomba msaada, atasikiliza kwa sikio tofauti na lile la kukaguliwa. Hatari ipo: anaweza kucheka tena, au kunyamaza wiki nzima. Wewe ndiwe unayejua ukimya wake una maana gani.

Unaweza pia kumbadilishia kazi badala ya kumpunguzia. Yeye awe mwenye kuita, wewe uwe mwenye kushika. Anasimama mbele ya chombo, anaita: "Vizibo vya nyuma ya mitumbwi?" Unakwenda, unavigusa kwa mkono, unajibu: "Vipo." "Pini ya mguu wa mlingoti?" "Ipo." "Waya wa kushoto, pini na pete?" Unaigusa, unajibu. Maamuzi ni yake, vidole na macho ni yako. Naipenda njia hii, sitaficha. Lakini akiita kwa kichwa anaweza kuruka hatua, kwa hiyo orodha ingefaa iwe imeandikwa upya kwa maneno yake yeye na kwa mpangilio wake, herufi kubwa. Hiyo uliyoivalisha plastiki ni yako. Ilimkuta imekamilika, hakuombwa hata neno moja. Huenda alichokikataa ni hicho tu.

Kujitoa na kuuza nusu yako ni haki yako pia. Jiulize tu, ukijitoa, nani atakayesimama upande wa kushoto wa mlingoti Jumamosi inayofuata. Kama jibu ni yule mtoto, basi hofu yako haitakwisha, itahamia nyumbani. Na kama kuna mtu mwenye uwanja wenye uzio karibu na maji ambaye mnamwamini, mnaweza kuuacha mlingoti umesimama msimu mzima, chombo kikiwa kimefungwa ardhini kwa kamba imara. Mtapunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Mnaongeza wasiwasi wa wezi na wa dhoruba za masika, hilo mtapima.

Kwenye nyaya za umeme, niruhusu niache upole kidogo. Hapo siwezi kukuwekea njia hii na ile. Alumini inapitisha umeme, na waya za chuma zinazoushika mlingoti vilevile. Mabaharia wa vyombo hivi wamekufa kwa mlingoti kugusa waya, wengine chombo kikiwa bado nchi kavu kinasukumwa tu. Baada ya ajali hizo watengenezaji huko Marekani walianza kuweka kipande cha faibaglasi kwenye ncha ya mlingoti, lakini mingi ya zamani ni alumini tupu, na hata hiyo mingine sehemu ya chini bado ni alumini. Macho ya mtu hayapimi vizuri umbali wa kitu kilicho juu. Mlingoti wa mita 8 juu ya chombo kilicho juu ya magurudumu unafika mbali kuliko unavyodhani, na njiani unaweza kuyumba upande wowote. Usishike mlingoti pale. Kama ardhi ya chini ni laini, tafuteni magurudumu mapana, au mbao mbili za kupitishia. Na ukikataa, kataa kwa adabu: "Mjomba, hapa nisamehe, siwezi. Tukishuka pale chini nitafanya unavyotaka."

Kuhusu kusimamisha wenyewe, yapo mambo machache ambayo ningependa yasemwe kwa sauti kila mara. Waya za pembeni zote mbili ziwe zimefungwa, pini na pete, kabla mlingoti haujaacha kulala. Mguu wake uwe umepigiliwa pini. Hakuna waya ulionasa chini ya mtumbwi. Mmoja ananyanyua akiwa juu ya turubai, mwingine anavuta kamba kutoka mbele, na huyu wa mbele haachii mpaka pini ya waya wa mbele imeingia na imevishwa pete. Mlingoti ukianguka unafika urefu wake wote, basi mita 8 kuzunguka pasiwe na mtu, hasa nyuma na pembeni. Baada ya hapo pumueni. Tanga dogo la mbele kwanza, maana kamba yake inazikaza waya. Tanga kubwa mwisho, omo, yaani mbele ya chombo, ikiwa imeelekea upepo na demani imelegea kabisa, la sivyo chombo kitaanza safari bila ninyi.

Mngeweza pia kukubaliana saa ya mwisho ya kushua. Ikipita kabla hamjawa tayari, mnakaa ufukweni mnakula mlichobeba, chombo kinarudi nyumbani. Saa hiyo ingefaa aitaje mjomba, kwa kuwa ndiye anayelijua ziwa. Nadhani itapunguza haraka, na haraka ndiyo inayowafanya mfunge huku mnazungumza.

Mtoto naye ana haki ya kudai kazi. Mpe mkebe wa vizibo na pete za akiba, awe mlinzi wake, ahesabu zilizotoka na zilizorudi. Na dakika zile mlingoti unaponyanyuka, asimame njiani, mbali na mlingoti, awapokee wanaokuja kumsalimia baba yake: "Shikamoo. Baba yuko kazini, anakuja sasa hivi." Hakuna mtu wa Ujiji atakayeona vibaya kuambiwa hivyo na mtoto mwenye adabu, na mjomba atapata muda wa kumaliza waya alioushika.